Mtani Wangu Ameniamkia

Ifakara, Jumapili jioni, Agosti 1905

...nikaenda kufagia kaburi la Bruda Klemens kama kila Jumapili, nikihema kama kiboko mzee. Homa ilimchukua mmisionari huyo masika yaliyopita, mbali na kwao Ujerumani. Mimi, katekista wake, alinifundisha useremala, nikamharibia mbao zote, naye akacheka tu.

Siku ya maziko Mzee Ligoha, Mpogoro, mtani wangu mimi Mngoni, aliruka kaburini akalala chali. Akagoma kutoka mpaka nimpe kuku. "Wewe Mngoni," akapiga kelele, "lako tutachimba kutwa nzima kwa tumbo hilo!" Nililia na kucheka kwa pamoja. Bruda naye angecheka.

Leo nimemkuta pale pale, amevaa bua la mtama kichwani, kama wote walioinywa ile dawa inayosemwa itageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Nikamwanza mimi: "Umekuja kudai kuku mwingine?"

Hakucheka. "Shikamoo, Mwalimu."

Mzee aliyenizidi umri! Miaka yote hii hajanisalimu bila kunitukana.

Nikajaribu tena. "Na shimo langu, mzee, mtaliweza?"

Akatazama chini. "Usilale misheni wiki hii. Nenda Mahenge."

Lakini hapa misheni, chumba cha pili, wamo wagonjwa wawili wasioweza kutembea, nami nawasikia wakikohoa. Siendi. Naogopa sana, ila siendi.

Nimefunga mlango kwa komeo alilolichonga Bruda. Laiti mzee yule angelitukana tumbo langu, hata mara moja tu.