Kiatu cha Kushoto cha Nthiwa

Riruta, 4 Machi 1957

Kwa shemeji Kavata,

Nakusalimu wewe na hao watoto wa memsahibu unaowalea huko Parklands. Mimi ni mzima kama chuma.

Cherehani ya marehemu mumeo uliyonipa inanisumbua. Nashona mikoba ya shule kumi na miwili, ya duka moja la mjini, na wamesema ikiwa mibaya kazi yote watampa Thuo, ambaye ni mimi niliyemfundisha hata kushika nyundo. Mshono unakuja mmoja mfupi, mmoja mrefu, mfupi, mrefu. Na mimi nimeshona matandiko ya farasi wa wazungu. Marehemu aliifanya nini mashine hii? Lile pande la ngozi lililokuwa chini ya sindano nimelitoa, usijali, halikupotea bure.

Shemeji yako, Zedekiah

Parklands, 9 Machi

Shemeji Zedekiah,

Barua imenikuta na homa, sasa imeondoka. Punguza sifa utazame sindano, iwe ya ngozi. Uzi wa juu usiukaze sana. Ngozi usiivute, iache iende yenyewe. Nimekaa na fundi miaka kumi na tisa.

Lakini mfupi, mrefu, hapo niliweka barua chini kwanza. Hivyo ndivyo Nthiwa alivyotembea na ule mguu wake. Pande ulilotoa ni kiatu chake cha kushoto, alifariki hajakimaliza kukishona. Tulimzika na cha kulia tu. Umelipeleka wapi?

Shemeji yako, Kavata

Riruta, 15 Machi

Shemeji,

Natumaini homa haikurudi. Sindano nimebadilisha, uzi nimelegeza, mkanda ni mpya. Nikamwita Thuo akanyage pedali, mshono ukanyooka kama reli. Nikakanyaga mimi: mfupi, mrefu. Akaniuliza, "Mzee, mbona siku hizi unachechemea?" Nikamwambia afunge mdomo.

Lile pande nililikunja nikaliweka ndani ya kiatu changu cha kushoto, soli imetoboka. Ngozi ni ngozi. Sitalitoa.

Shemeji yako, Zedekiah

Parklands, 18 Machi

Shemeji, leo salamu ni fupi. Unakanyaga ngozi yenye mwenyewe. Litoe. Kishone kiatu chake mpaka mwisho uniletee, nitakipeleka kaburini.

Kavata

Riruta, 27 Machi

Kwa shemeji Kavata,

Hujambo na watoto? Mimi nilivumilia. Nimeharibu mikoba mitano, na paja la kushoto limekonda kuliko la kulia. Jana lile pande nikalitoa kiatuni. Kiatu nimekimaliza, na mshono wake hata marehemu mwenyewe hakuuweza. Kiko chini ya cherehani. Nakuletea Jumapili.

Shemeji yako, Zedekiah

Parklands, 1 Aprili

Shemeji, u mzima kweli? Jana nilipika nikakungoja.

Juzi, mchana kweupe, naanika nguo, mtu alipita nyuma ya ua. Hatua zilikuwa sawasawa, kushoto, kulia. Akakohoa. Kikohozi hicho nimelala nacho miaka kumi na tisa. Sikugeuka.

Tazama chini ya cherehani. Kama kiatu kipo, mimi ni mjinga, unicheke.

Shemeji yako, Kavata

Riruta, 12 Aprili

Shemeji,

Salamu. Mguu umepona. Ile mikoba mitano niliishona upya, na yote kumi na miwili imekubaliwa, mshono umenyooka.

Jumamosi hiyo uliyosikia hatua, mchana, pedali ilisimama kidogo chini ya mguu wangu, kama mtu ameishika apate kuinuka. Kisha ikaendelea. Ndiyo maana Jumapili sikuja.

Nimetundika gunia mbele ya cherehani, limefunika mpaka chini. Sijatazama.

Shemeji yako, Zedekiah