Kamba ya Kiunoni

Nyanga, Jumanne

Hapana. Mwanangu hafungwi kamba na mtu yeyote.

Mama mkwe amekuja leo kutoka Rubafu na kamba ya mgomba, eti tumfunge Koku kiunoni aache kukojoa kitandani. "Miaka tisa! Mnamdekeza huyu."

Nikamweleza alichotuambia daktari: neva za uti wa mgongo wa Koku zimenasa kwa chini, na kadiri anavyorefuka zinavutwa. Ndiyo maana mkojo unamshinda, anaburuta mguu wa kushoto na mgongo unamuuma. Hata kile kishungi cha nywele alichozaliwa nacho mgongoni, tulichokiita baraka, kilikuwa dalili.

Na mimi nilishamchapa kwa sababu ya mashuka yaliyolowa. Hilo linanichoma kuliko maneno yoyote ya mama mkwe.

"Mama," nikamwambia, "huyu amezaliwa amefungwa. Tunampeleka hospitali Mwanza akafunguliwe."

Aliiacha kamba mezani, akaenda kumenya ndizi.

Naogopa huo upasuaji. Naogopa sana. Lakini tunakwenda.

Kamba ya mama mkwe nimefungia mzigo wetu wa Mwanza.