Mgongo wa Kadi ya Bi Maryamu

Alhamisi, Garsen. Jua la leo halina adabu, na matope ya mafuriko yaliyokauka barabarani yamekuwa vumbi linaloingia hadi kwenye chai. Lakini si jua wala vumbi. Moyo umenichafuka tangu asubuhi, na kila nikimeza mate nayakumbuka mate ya mtu mwingine.

Wacha niandike, pengine yatanitoka.

Wanaonisoma hapa mtandaoni wanajua kazi yangu. Nakunja karatasi ya manila, nachora ua kwa penseli, naiweka juu ya ndara kuukuu na kudunga vitundu kwa sindano, kisha napitisha uzi wa rangi mpaka ua lionekane. Kadi za harusi, za Idi, za Krismasi, za kumpongeza mtoto aliyefaulu. Kwa nyuma, ambako mafundo na ncha za nyuzi hukaa, nabandika karatasi nyingine ili mtu asiyaone.

Kadi moja tu sikutaka kuibandika. Bi Maryamu wa Kipini ndiye aliyenifundisha kushika sindano, nilipokuwa msichana nikikaa kwa shangazi yangu, jirani naye. Yeye alikuwa akitarizi kofia. Sasa macho yamemzima kabisa, na siku hizi hata kitandani hatoki. Nilitaka apate kadi ambayo ataisoma kwa vidole: asumini zilizoinuka, uzi juu ya uzi. Na mgongo wa hiyo kadi nilitaka uwe wazi, kwa sababu Bi Maryamu hakuwahi kuitazama kazi yangu kwa mbele kwanza. "Geuza, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Huku mbele wanidanganya."

Binti yake, Rukia, alikuwa apite leo alasiri kuichukua, akirudi Kipini. Maua nilikuwa nimemaliza. Halafu malaria ikanilaza, na wifi yangu Amina, dada wa mume wangu anayekaa nasi tangu alipoachika, akasema nipumzike, majani atashona yeye. Nikamshukuru. Nilimshukuru sana!

Leo nimeamka mzima, nikaenda kuigeuza kadi.

Kwa mbele majani yalikuwa mazuri, sisemi uongo. Sasa mgongo. Ncha za nyuzi zimekuwa za kahawia, zimekakamaa kama kamba ya mbuzi iliyolowa ikakauka. Chini ya mshono mmoja palikuwa na kipande cha jani, na si jani la uzi. Ni jani la muguka, yale majani ya kuchangamsha kama miraa, limetafunwa, limenasa pale kwa chingamu wanayotafunia pamoja nayo. Nikafanya kosa la kunusa.

Nilikimbia nje.

Amina hutafuna muguka. Akishaosha vyombo vya mchana, shavu moja huvimba na halishuki mpaka magharibi. Hilo nalijua, na si yeye peke yake hapa mjini. Jambo ambalo akili yangu haikuwahi kuliunganisha ni lile shavu na sindano yangu. Uzi ukigoma kuingia tunduni, anauramba. Akimaliza jani, anaukata kwa meno. Kwa meno yale! Na mkasi uko pale pale, ndani ya kopo.

Halafu likanijia jambo baya zaidi. Amina amekuwa akinimalizia kadi tangu msimu wa harusi uliopita. Zote hizo nilizibandika karatasi nyeupe kwa nyuma bila kutazama. Kuna maharusi hapa Garsen na huko Hola waliozibusu kadi zangu mbele ya wageni.

Nimefunika mate kwa karatasi safi, nikasifiwa.

Nilimfuata jikoni nikamwekea kadi mbele ya macho. "Wifi, hii ni nini?"

"Ni uzi, wifi," akasema, hata hakuitazama vizuri. "Kwani wewe wataka kuila?"

"Ni ya mgonjwa!"

"Mgonjwa mwenyewe si haoni?"

Niliichukua kadi yangu. Wifi ukimjibu vibaya, jioni unaulizwa na mume na kesho unaulizwa na mama mkwe. Ningeweza kubandika karatasi kama kawaida na kunyamaza, lakini Bi Maryamu angeligusa lile bandiko na kujua kuna kitu namficha. Na kadi nyingine nisingewahi kuimaliza kabla Rukia hajafika. Nikatoka barazani na wembe, nikaanza kufumua majani.

Kufumua karatasi si kama kufumua kitambaa. Ukivuta kwa hasira, vitundu viwili vinakuwa kimoja na kadi imekwisha. Kwa hiyo ilibidi niushike polepole, kwa ncha za vidole, uzi ule ule ambao sikutaka hata kuuona. Kila nilipotoa mmoja nilipangusa mkono kwenye kanga, mpaka ile kanga nayo nikaiona kinyaa. Nimebadilisha kanga. Nimenawa kwa sabuni ya kufulia.

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma Amina, aliyekaa mlangoni amenuna, mchana umepita na shavu lake li tupu. Sikumhurumia. Nilimwona mchafu, na nyumba yote nikaiona chafu kwa sababu yake.

Nikashona upya. Nilikuwa kwenye jani la mwisho, Rukia ameshapiga simu kwamba yuko stendi, uzi ukatawanyika ncha. Nikaupitisha, ukagoma. Nikaupitisha tena, ukagoma.

Nikautia mdomoni.

Nilishtuka ukiwa bado katikati ya midomo. Na ndipo nilipoikumbuka ile ladha. Bi Maryamu alikuwa akinipa sindano iliyokwisha kutiwa uzi, ncha bado mbichi, nyekundu kidogo kwa tambuu. Alitafuna tambuu kutwa nzima, karafuu ikinukia. Nami nilipofika mwisho wa uzi niliunyonya kwanza, kisha nikaukata. Kwa meno. Nilikuwa naona raha. Upande wa ndani wa zile kofia ulikuwa na vidoa vyekundu, na sisi tulivifunika kwa bitana. Wanaume wazima walizivaa, na hakuna aliyekimbia nje.

Nilipoinua macho, Amina alikuwa ananitazama. Ameniona. Hakucheka, na afadhali angecheka.

Rukia amekuja, ameichukua, ameondoka. Sikumwambia kitu. Bi Maryamu ataigeuza, atapitisha vidole mgongoni, na kwenye jani la mwisho atakuta mate yangu.

Kesho nitaweka kibakuli cha maji ya kulowesha uzi karibu na kopo la sindano, cha Amina na changu. Kichefuchefu bado ninacho. Ila tangu alasiri sijui tena ni mate ya nani yanayonichefua.