Pale Tulipomchinja Dume

Kamsamba, Julai 2014

Kaka Ngusa,

Tangu sherehe ya kukuaga sijala nyama, na sijamwambia mtu. Naificha kiganjani, kisha nampa mbwa. Pale tulipomchinja dume siku hiyo, ng'ombe wengine bado wanakuja kila jioni, wananusa udongo na kulia. Mvua zimepita pale, lakini wanakuja. Hata nikiwa jikoni nawasikia.

Mama hajambo, na mpunga tumevuna. Nilimsomea baba barua yako, kwamba chuoni mnataka nyama ipunguzwe kantini kwa sababu mifugo ikizidi inamaliza ardhi na maji. Alicheka. "Wasomi sasa wanakula majani? Basi waje tuwachunge." Lakini kisima chetu kimekuwa tope la kwato, naye anakiona.

Anamnenepesha yule mwekundu niliyemlea tangu ndama, akuchinjie ukija likizo. Mwandikie kwamba hata nyumbani hutakula nyama, kwa sababu zile zile za chuoni. Nikisema mimi, atasema nimerogwa. Wewe atakusikiliza.

Ila kwamba nimekuomba mimi, kaka, hilo libaki kwako.

Mdogo wako,
Rosemary