Mgongo Alioufuata Kagoya

Nalufenya, Jinja
Jumapili mchana

Kwako Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Umeamkaje huko Nabuyonga? Goti lako linasemaje tangu mvua zianze? Na mzigo wa mitumba, bado unaubeba mwenyewe hadi sokoni, au Mjomba amekupatia mtu wa mkokoteni kama alivyoahidi? Mimi mwili wangu ni mzima. Ninakula, ninalala, sina homa wala kikohozi.

Najua Afande, kocha wetu, alikupigia simu Ijumaa akakuambia kwamba mfuko wa kufadhili wakimbiaji umenichukua. Ni kweli, Mama. Najua pia ulilia kwa furaha, kwa sababu Mjomba ameniambia. Lakini nakuomba usisimame kanisani kutoa shukrani kabla hujaimaliza barua hii. Ningekupigia simu, ila unanijua. Kwenye simu nasema "ndiyo, Mama" na "sawa, Mama" hadi salio linaisha. Kwa hiyo nimeandika, na Mjomba ataibeba akipita na lori Jumanne.

Kuna mambo sikukuambia tangu nilipotoka Mbale baada ya mtihani wa mwisho. Kila uliponiuliza nilikujibu kwamba mambo ni mazuri. Hayakuwa mazuri.

Tulikuwa wasichana tisa hapa kwenye kambi ya mbio ya Afande, katika nyumba moja ya vyumba vitatu. Mfuko ulikuwa unamtafuta mmoja tu. Huyo angelipiwa chuo, viatu, chakula, daktari na safari za mashindano kwa miaka mitatu, na wanane wangerudi kwao. Uliniambia, "Wewe kimbia, mengine Mungu ataona," nami niliamini kwamba kazi yangu ni hiyo tu.

Wenzangu wengi ni Wasoga na hawapendi Kiswahili. Wanasema ni lugha ya askari na wezi. Siku ya kwanza nilipofungua mdomo kuomba ndoo, mmoja aliniitikia, "Ndiyo, afande!" akapiga saluti, na wote wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo nikawa naomba vitu kwa kuonyesha kidole. Aliyekuja kulala karibu nami ni Kagoya. Kwao ni Buwenge, wanalima mahindi. Alisema anataka kujifunza hicho Kiswahili cha wezi kwa sababu mbio zitamfikisha Eldoret siku moja, na hataki kuuzwa sokoni bila kujua bei yake. Tulilalia godoro moja, tukaoga kwa kipande kimoja cha sabuni. Nilimpenda, Mama. Nakuandikia hilo ili ulijue kabla ya mengine.

Wiki moja kabla ya wageni wa mfuko kuja kututazama, Afande aliniita kando ya uwanja. Yeye ni mwanajeshi mstaafu na Kiswahili chake ni cha kambini, ndiyo maana hunisemesha mimi kuliko wengine. Akaniambia siku ya wageni nitakuwa sungura wa Kagoya.

Sungura ni yule mkimbiaji anayewekwa mbele. Ndiye anayekata upepo na ndiye anayeshika muda. Yule wa nyuma hapigi hesabu wala haangalii saa. Anatazama mgongo wa sungura na kuufuata. Sungura akifika raundi aliyopangiwa, anatoka nje ya mstari na kazi yake imekwisha.

"Wewe nakimbia mbele raundi tano," Afande alisema. "Halafu natoka. Kagoya namaliza."

Nikamwuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, na jina langu je, kwenye orodha ya wageni?

"Jina yako iko. Sungura mzuri, wageni naona."

Msichana mwingine angeomba kuiona orodha. Mimi nilisema ndiyo, Afande. Ulinilea niwaheshimu wakubwa na sikulaumu, lakini nilipaswa kuuliza mara ya pili.

Siku ilipofika mbio zilikuwa za raundi saba na nusu. Nilikimbia vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Miguu haikuwa na uzito. Raundi ya tano ilipoisha sikuwa hata nimechoka, na moyo uliniambia niendelee, lakini nilimwona Afande ameinua mkono, nikatoka. Kagoya alinipita bila kugeuza kichwa, akashinda.

Baadaye bibi wa mfuko, mama mmoja nadhifu aliyetoka Kampala, alitupanga mstari akiwa na karatasi ya matokeo mkononi. Akauliza kwa Kiingereza ni nani ambaye hakumaliza. Nikanyoosha mkono. Akaniita mbele, akaniwekea mkono begani. Mkono wake ulikuwa laini na unanukia maua.

"Mnamwona huyu?" aliwaambia. "Aliongoza raundi tano. Kisha akaona ni ngumu, akatoka. Kipaji si kitu kama mtu hana moyo. Sisi tunawasaidia wanaomaliza. Lakini tumpigie makofi, maana angalau alijaribu."

Wakapiga makofi. Mpiga picha akatupiga picha, mimi na yeye. Nilimtazama Afande, naye alikuwa anaifuta saa yake kwa kitambaa. Nilimtazama Kagoya. Alikuwa anajua kila kitu, Mama, na alisimama hatua nne kutoka kwangu. Alitazama viatu vyake.

Usiku ule alinishika mkono akasema atawaambia ukweli kesho. Kesho ikapita. Wengine saba wakafunga mizigo. Mimi Afande aliniambia, "Wewe nabaki. Nachota maji, nafua, nakula. Asubuhi nakimbia mbele ya Kagoya." Kwa sababu mfuko haukuwa umemwandika Kagoya moja kwa moja. Walimpa miezi mitatu, kisha angekimbia tena mbele yao kwa muda waliompangia. Akiufikia, ni wake kwa miaka mitatu. Asipoufikia, wangetazama mwingine.

Nikabaki. Ningekuja kukuambia nini? Kwamba nilitoka mwenyewe?

Mwanzoni Kagoya alikuwa ananisaidia kubeba ndoo. Kisha akapewa viatu vipya, na chumba chake mwenyewe, na mayai mawili asubuhi wakati mimi nakunywa uji. Akaanza kuniachia nguo zake mlangoni. Siku moja alinirudishia jezi mbele ya wageni wake wawili kutoka Buwenge. "Hii bado ina tope," alisema, kwa Kiswahili kile nilichomfundisha mimi. Kisha akawageukia akawaambia kitu kwa Kisoga, akicheka, na neno moja nililielewa kwa sababu hakulitafsiri. Sungura. Sungura wake. Nikaichukua jezi nikaifua tena.

Lakini kila asubuhi nilikimbia mbele yake na kumsikia nyuma yangu. Mama, ukimsikia mtu akipumua kisogoni mwako miezi mitatu, unamjua kuliko anavyojijua. Nilijua pumzi yake ya kupanda kilima na pumzi yake ya kudanganya. Nilijua pumzi fupi inayokatika mara mbili, ile inayokuja kabla mguu wake wa kushoto haujaanza kukaza. Kila nilipoisikia hiyo nilipunguza mwendo, yeye mwenyewe hajui. Hiyo ndiyo kazi ya sungura, na niliifanya vizuri.

Alhamisi iliyopita wageni walirudi. Walichelewa, jua likawa utosini. Afande alinipa muda wa kila raundi, dakika moja na sekunde kumi na nane, nami nikamrudishia maneno yake ili ajue nimesikia. Safari hii hakuniambia nitoke raundi gani. Alisema nimvute mpaka atakapoweza kwenda mwenyewe.

Raundi ya kwanza nilikimbia kwa dakika moja na sekunde kumi na mbili.

Sikukosea. Nataka ujue hivyo, kwa sababu wote hapa wanasema ni jua, au ni presha ya wageni. Nilijua muda huo mwilini mwangu kama ninavyoijua njia ya kutoka nyumbani kwenda sokoni. Nilikimbia kwa haraka kwa makusudi, na raundi ya pili vilevile. Afande alipaza sauti, "Pole pole!" lakini Kagoya hakumsikiliza. Yeye alikuwa amefundishwa asisikilize kelele za nje, atazame mgongo. Akaufuata mgongo wangu.

Raundi ya nne nikaisikia ile pumzi inayokatika mara mbili. Nilikuwa na nafasi ya kupunguza. Nikaongeza.

Raundi ya tano, kwenye kona iliyo mbali na watu, alilia mara moja, kama mtoto aliyeungua, nikasikia kishindo. Sikugeuka. Mama, mimi niliyekuwa nalala naye godoro moja, sikugeuka. Niliendelea kukimbia peke yangu, na nilipomkuta tena kwenye kona ile bado yuko chini, ameshika paja, nilimpita kwa upande wa nje nisimkanyage. Nilimaliza raundi zote saba na nusu. Muda wangu ulikuwa mzuri kuliko ule aliopangiwa yeye.

Bibi wa mfuko alinijia akiwa na machozi machoni. Alinikumbuka. Akasema huu ndio ushahidi kwamba mtu anaweza kujifunza kuwa na moyo, na kwamba mimi ndiye msichana ambaye mfuko wao ulianzishwa kwa ajili yake. Akaniita mbele tena. Picha tena. Nyuma yake nilimwona Kagoya akibebwa na watu wawili kupelekwa kivulini.

Afande alikuwa na saa mkononi, na saa yake ilikuwa imeandika kila raundi. Aliitazama, akanitazama, kisha akacheka kidogo puani.

"Kumbe wewe iko askari," alisema. Hakusema kingine mpaka leo. Kwake msichana mmoja ni sawa na mwingine, mradi kambi ipate mtu.

Daktari amesema msuli wa paja la Kagoya umechanika vibaya, na huenda asikimbie tena mbio za ushindani. Mfuko umesema unamtakia heri. Daktari wao ni wa mchezaji aliyeandikwa, na yeye hakuwa ameandikwa bado. Jana asubuhi tulikaa sote wawili sebuleni tukisubiri mama yake aje kumchukua. Nilifikiri atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa, na nadhani nilikuwa nataka.

"Nilikuwa naangalia mgongo wako tu," aliniambia.

Sikujua kama ananishtaki au ananieleza. Nilitaka kumwambia. Nikafungua mdomo, na mlango ukagongwa.

Mama yake ni mfupi, mwenye miguu iliyopasuka kwa shamba, na alikuwa amevaa gomesi yake ya kanisani kuja kumchukua mtoto aliyeumia. Alipiga magoti kunisalimia, Mama, kama wafanyavyo huku, mtu mzima kwangu mimi. Hajui Kiswahili. Kagoya alitafsiri akitazama ukuta. Alisema amesikia kwa miezi mingi juu ya msichana wa Mbale aliyekuwa akikimbia mbele ya binti yake kila asubuhi, akimfulia na kumchotea maji kama dada. Alisema Kagoya amepata bahati mbaya lakini angalau nafasi haikwenda kwa mtu mbaya. Akanipa mfuko wa karanga alizokausha mwenyewe. "Webale, mwana wange," alisema, na hiyo haikuhitaji kutafsiriwa. Asante, mwanangu.

Nilizipokea kwa mikono miwili.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya mfuko, kurasa mbili. Ukurasa wa pili, chini, kuna mahali pa mzazi kutia sahihi, kwa sababu sijatimiza miaka kumi na minane. Wanataka irudi kabla ya mwisho wa wiki. Bila sahihi yako hakuna kitu, nitarudi Nabuyonga na kukusaidia sokoni. Na ukisaini, ni chuo, na viatu, na miaka mitatu ambayo wewe hutanilipia chochote, na hakuna mtu atakayejua isipokuwa Afande, wewe na mimi.

Nilianza barua hii nikifikiri nitakuomba usisaini. Nilikuwa hata nimeyapanga maneno yake. Lakini umenifundisha nisikudanganye kwenye mambo makubwa, kwa hiyo nitakuambia jinsi ilivyo. Nataka usaini. Nimejitafuta ndani siku tatu nione kama kuna mahali pasipotaka, sijapaona. Nakutumia karatasi pamoja na ukweli wote, Mama, kwa sababu mimi peke yangu ningeitia sahihi tayari.

Nisalimie Mjomba, ingawa atakuwa amekuletea barua mwenyewe, na umwambie asante kwa kutoniuliza kwa nini nimekonda. Msalimie Nyanya na umwambie nakumbuka kumwombea macho yake. Mdogo wangu Nafula mwambie asome, asianze kukimbiakimbia jioni kwa sababu ameniona mimi. Jirani yetu fundi cherehani aliyeniazima viatu vya safari mwambie vipo, vimeisha soli lakini vipo.

Karanga bado ziko chini ya kitanda changu. Sijaweza kuzila, na sijaweza kumpa mtu mwingine azile.

Ni mimi mtoto wako, ninayekungoja uniambie mimi ni nani sasa,

Nekesa