Angeniuliza Mimi Kwanza

Biella, 7 Februari 1917

Kaka Secondo mpendwa,

Baada ya salamu, natumaini Sista atakapokusomea barua hii maumivu ya kichwa yatakuwa yamepungua, na supu ya hospitali imeanza kuwa na ladha. Sisi tu wazima, ila tumechoka. Mama hurudi kutoka kiwandani miguu imevimba. Kutwa wanafuma kitambaa cha makoti ya askari, na jioni husinzia kijiko cha uji wa polenta kikiwa mkononi. Mwalimu anasema insha zangu zinaendelea vizuri.

Jumapili mchana padri alituonyesha filamu katika ukumbi wa parokia. Mimi ndiye ninayesimama kando ya pazia, maandishi yakitokea nawasomea kwa sauti wasiojua kusoma. Ilikuwa hadithi ya askari aliyepofuka vitani. Hakutaka mchumba wake afungwe na kipofu, basi akamtuma rafiki yake aende kusema kwamba amekufa.

Unajua nilimfikiria nani, Kaka. Hayo hayo uliniagiza nimwambie mchumba wako Ottavia. Sikuweza. Tangu Krismasi mimi na Mama tumekuwa tukimwambia tu kwamba hatujapata habari. Rafiki wa yule askari alipofika mlangoni kwa mchumba, niliacha kusoma. Bi Marietta, jirani yetu, akauliza kutoka nyuma kama nimemeza ulimi. Akasema nisome, wenzangu wana kuku wa kulisha. Nikasoma. Mchumba akavaa nguo nyeusi, akaingia utawa.

Wanawake hawakulia. Bi Marietta alisema huyo mwanamume ni bwege, kamfungia msichana wa watu kwenye nyumba ya watawa na yeye mwenyewe alichohitaji ni kushikwa mkono tu avuke barabara. Mwingine akamjibu kwamba wanaume ndivyo walivyo, hata kufa wanatufia bila kutuuliza. Wakacheka kicheko cha watu waliochoka. Ottavia, aliyeketi kati yao, hakucheka. Alisema polepole, kama anayejisemea, kwamba macho yalikuwa ya askari, lakini uchumba ulikuwa wa wawili. “Angekuwa wangu,” alisema, “angeniuliza mimi kwanza.”

Nisamehe, Kaka. Njiani kurudi nyumbani nilimweleza yote: kwamba u hai, kwamba huoni, na kwamba uliniagiza niseme umekufa. Alisimama akashika ukuta. Nilidhani atanipiga. Kisha akauliza ni nani anayekunyoa ndevu huko.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini ya kuja huko Torino. Msimamizi wa kiwanda akamwambia akiondoka, mashine yake atapewa mwingine. Ottavia akamjibu ampe, basi, na amwambie huyo mwingine kwamba inakata nyuzi.

Barua hii haikuletwa na posta. Ameileta yeye. Nilimwomba aketi kimya miguuni pa kitanda chako mpaka Sista amalize kusoma, kwa sababu nakujua, ungemfukuza kabla hujasikia. Yupo hapo sasa. Kama bado unataka aende zake, mwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea tena.

Mama anakusalimu, na Bi Marietta pia, ingawa hajui yuko wapi mtu anayemsalimu. Mungu akupe usingizi mzuri.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Delfina