Neti ya Mgeni

Mwende mjukuu wangu,

Salamu zako kutoka Emali zimenifikia. Hapa Nuu tu wazima. Mvua imenyesha, pojo zimeota, na babu yako bado anabishana na mbuzi wake.

Unaniuliza kama ni utovu wa heshima mama mkwe wako akija kulala kwenu na neti yenu moja yenye dawa ibaki kwa mtoto.

Ulipokuwa na miaka miwili ulikaa kwetu, na ulikuwa umetoka tu kuugua malaria. Siku moja mhubiri alikuja kutoka mbali, alale kwetu. Nikaifungua neti uliyopewa kliniki, nikamtundikia yeye. Mimi, mwalimu niliyefundisha habari za mbu miaka yote ile!

Mhubiri akaitazama. "Mwalimu, mbona mnanifunika kama bibi harusi? Mtoto analala wapi?"

"Hapo kwenye godoro, mchungaji. Amezoea."

"Hata mbu wamemzoea."

Akaifungua mwenyewe, akakutundikia wewe, akachomeka pindo zake chini ya godoro. Asubuhi alikunywa chai huku akijikuna shingo na kucheka. Siku hiyohiyo nilinunua neti ya pili.

Kwa hiyo mpe mama mkwe kitanda kizuri na chai ya kwanza. Mkipata neti nyingine kabla hajafika, vizuri sana. Msipopata, ya mtoto isiguswe. Akinuna, mwambie ni susu, bibi yako, aliyekataza, kwa sababu aliwahi kukosea.

Nawabusu wewe na mtoto,
Susu yako